Mali Bila Daftari: Funzo la Nachingwea kwa Watu wa Liparamba

Kusini ya Mbinga, pale milima ya Umatengo inapoteremka kuelekea Ziwa Nyasa na mpaka wa Msumbiji, iko Liparamba. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Mbinga. Sasa imo katika Wilaya ya Nyasa. Wengi waliolisikia jina lake wamelisikia kwa sababu ya Pori la Akiba lililoko huko. Lakini katika miaka ya karibuni jina hilo limeandikwa pia mahali ambapo mkulima wa Liparamba hajapata kufika: katika taarifa za soko la hisa la Australia, baada ya kampuni ya huko kupata leseni za kutafuta nikeli katika ardhi hiyo.

Leseni ya kutafuta si mgodi. Mawe huweza kuchimbuliwa, yakapimwa, yakasafirishwa mpaka maabara, kisha ikaonekana kwamba hayana faida. Hata hivyo karatasi hiyo yenyewe ni mali. Huuzwa, hununuliwa, hugawanywa katika hisa, na watu ambao hawawezi kuionyesha Liparamba kwenye ramani huitajirikia au huifilisikia. Ndiyo sababu yafaa watu wa Ruvuma, na hasa watumishi wa umma na walimu ambao wenzao huwategemea kuzisoma karatasi hizo, waitazame kwa makini kesi iliyotokea katika mkoa jirani wa Lindi. Kesi hiyo ilianza na nikeli kama hiyo hiyo, ikaishia kwa Taifa kulipa Dola za Marekani milioni 90.

KESI YA NTAKA

Kilima cha Ntaka kiko Nachingwea. Wilaya hiyo si ngeni kwa mipango mikubwa inayobuniwa mbali. Baina ya mwaka 1947 na 1951 Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilijaribu kulima karanga huko, kama ilivyojaribu Kongwa na Urambo, kwa matrekta na mabilauri ya ofisini badala ya maarifa ya udongo na mvua. Mpango ule ulianguka, na zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zikapotea. Nusu karne baadaye watafutaji wa madini walikuja Nachingwea, na safari hii kitu walichokitaka kilikuwapo kweli. Nikeli ilionekana chini ya Kilima cha Ntaka.

Mradi huo uliangukia mikononi mwa kampuni ya IMX Resources ya Australia, ambayo mwaka 2016 ilibadili jina ikaitwa Indiana Resources. Mwezi Aprili 2015 mradi ulipewa leseni ya kuhodhi eneo, ambayo muda wake ulikuwa miaka mitano. Leseni hiyo ilitolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Maana yake ilikuwa hivi: mtafutaji aliyegundua madini, lakini akaona kwamba bei ya soko au sababu nyingine ya muda haimruhusu kuchimba wakati huo, aliweza kulishikilia eneo lake bila kuchimba, akisubiri hali iwe nzuri.

Mwezi Julai 2017 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho makubwa, na leseni za kuhodhi maeneo zikaondolewa. Tarehe 10 Januari 2018 zikatangazwa kanuni zilizofuta hata leseni za aina hiyo zilizokuwa zimekwisha kutolewa, na haki zote juu ya maeneo hayo zikarudi Serikalini. Leseni ya Ntaka ilikuwa bado na zaidi ya miaka miwili. Mwezi Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni ya kuwaita wawekezaji wapya katika maeneo yaliyorudishwa.

Kampuni haikwenda katika mahakama za Tanzania. Mwaka 2020 ilifungua madai katika Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ambacho ni chombo cha kundi la Benki ya Dunia chenye makao yake Washington. Nao waliosimama mbele ya wasuluhishi hawakuwa kampuni ya Australia yenyewe. Walikuwa kampuni tanzu zake, mbili zilizoandikishwa Uingereza na moja ya hapa nchini, wakitegemea mkataba wa kulinda vitegauchumi ambao Tanzania na Uingereza ziliutia sahihi mwaka 1994.

Tarehe 14 Julai 2023 wasuluhishi walitoa tuzo. Waliamua kwamba Tanzania ilitwaa mali kinyume cha mkataba, wakaiamuru ilipe fidia ya Dola milioni 76.7 pamoja na riba, jumla ikapita Dola milioni 109, na riba ikaendelea kuongezeka. Tanzania iliomba tuzo hiyo itenguliwe. Mwisho wa Julai 2024, shauri la kutengua likiwa bado halijamalizika, pande mbili zilipatana kwa Dola milioni 90: milioni 35 mara moja, milioni 25 mwezi Oktoba mwaka huo, na milioni 30 mwezi Machi 2025.

Wala haikuwa kesi ya peke yake. Oktoba 2023 kampuni ya Winshear Gold ya Kanada, iliyofutiwa leseni kwa kanuni zile zile, ilikubali Dola milioni 30. Novemba 2024 kampuni nyingine ya Kanada, Montero, iliyokuwa na mradi wa madini adimu wa Wigu Hill mkoani Morogoro, ilikubali Dola milioni 27. Jumla ya mapatano hayo matatu ni Dola milioni 147, ambazo kwa thamani ya shilingi ya miaka ile ni zaidi ya Shilingi bilioni 350. Kwa fedha hizo halikuchimbwa shimo hata moja, wala halikujengwa darasa hata moja.

MJADALA WA WENYE HISA

Ni vizuri kuuelewa mjadala uliokuwa mbele ya wenye hisa wa kampuni kama hiyo, kwa kuwa humo ndimo unapoonekana utaratibu wa mtaji ukiwa umevua nguo zake.

Swali la kwanza lilikuwa kama inafaa kupigana. Kesi ya namna hiyo hula mamilioni ya Dola kwa mawakili, wathamini na wasuluhishi. Kampuni ndogo isiyochimba chochote haina fedha hizo. Jibu lilipatikana katika biashara ambayo wananchi wengi hawajaisikia: ziko kampuni zinazokopesha fedha za kuendeshea kesi. Indiana iligharimiwa na moja ya kampuni hizo, Litigation Capital Management. Mkopeshaji wa namna hiyo akishindwa hupoteza fedha zake. Akishinda hurudishiwa fedha zake mara kadhaa kutoka katika fidia. Hivyo madai dhidi ya nchi huweza kugeuzwa kuwa bidhaa. Pamba ina wanunuzi wake, kahawa ina wanunuzi wake, na siku hizi ugomvi nao una wanunuzi wake.

Swali la pili lilikuwa kama inafaa kupatana. Upande mmoja uliweza kusema kwamba tuzo imekwisha kutolewa, riba inazidi kupanda, kwa nini kusamehe sehemu yake? Upande mwingine uliweza kujibu kwamba tuzo ni karatasi. Kamati ya kutengua inaweza kuifuta. Na hata isipoifuta, kukamata mali ya nchi huru ni kazi ya miaka. Heri Dola 90 mkononi kuliko 120 za kukisia. Hoja ya pili ndiyo iliyoshinda.

Swali la tatu lilikuwa namna ya kugawana. Je, fedha zirudishwe kwa wenye hisa, au zitumike kutafuta dhahabu huko Australia Kusini, ambako kampuni ilikuwa imekwisha kuhamishia shughuli zake? Sehemu ya fedha hizo iligawiwa kwa wenye hisa.

Katika maswali yote hayo matatu, Nachingwea haimo. Hakuna swali linalouliza mkulima wa korosho aliyeishi miaka mingi jirani na Kilima cha Ntaka alipata nini au alipoteza nini. Haina maana kuwalaumu wenye hisa hao kana kwamba ni watu wenye roho mbaya kuliko wengine. Baadhi yao huenda ni wastaafu waliotia akiba yao humo. Lakini utaratibu wenyewe hauna mahali pa kuliuliza swali hilo. Hisa huhesabu faida, haihesabu jirani. Kulihesabu jirani ni kazi ya Taifa, na Taifa lisipoifanya hakuna mwingine atakayeifanya.

Jambo moja zaidi linafaa kuangaliwa. Kanuni za soko la hisa zinailazimisha kampuni kuwaarifu wenye hisa wake kila hatua inayoweza kuathiri bei. Kwa hiyo mwenye hisa aliyekaa Perth alijua siku madai yalipofunguliwa, siku yaliposikilizwa, siku tuzo ilipotolewa, kiasi cha mapatano, na tarehe ya kila malipo. Mlipa kodi wa Nachingwea, ambaye ndiye aliyelipa, hakuwa na taarifa ya namna hiyo mlangoni kwake. Hapo pana jambo la kujikosoa, na litarudiwa hapa chini.

HAKI YA TAIFA HAINA UBISHI

Wako watakaoisoma hesabu hiyo wakadai kwamba kosa lilikuwa kuigusa sekta ya madini. Watasema heri wageni wangeachwa. Rai hiyo haina budi ikataliwe.

Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulikubali katika azimio lake la 1803 kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya utajiri wake wa asili. Tanganyika ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha likaweka msingi kwamba njia kuu za uchumi ziwe chini ya umma. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, lakini msingi kwamba madini ni ya wananchi haukubadilika, na mwaka 2017 ulitungiwa sheria yake maalumu ya mamlaka ya nchi juu ya mali na maliasili zake.

Leseni za kuhodhi maeneo nazo zilikuwa na kasoro ya wazi. Zilimwezesha mtu kukalia mali asiyoichimba, akisubiri bei ipande London ili auze karatasi yake kwa faida, na muda huo wote kijiji kinangoja, halmashauri inangoja, na kijana wa kijijani anangoja. Mtaji ukikaa juu ya ardhi bila kuifanyia kazi, faida yake haitokani na jasho la mtu yeyote. Inatokana na kusubiri. Bunge lilikuwa na haki na wajibu wa kukomesha jambo hilo.

Aidha msimamo wa mwaka 2017 ulileta matunda. Ugomvi wa makinikia na kampuni ya Acacia ulimalizika kwa mapatano na Barrick, iliyoinunua Acacia yote mwaka 2019. Barrick ilikubali kulipa Dola milioni 300, na ikaundwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina hisa asilimia 16 ndani yake. Hisa hizo asilimia 16 zisizolipiwa sasa ni haki ya Serikali katika migodi mikubwa kwa mujibu wa sheria. Mchango wa madini katika pato la Taifa ulifika asilimia 10.1 mwaka 2024. Mtu akiweka mapatano ya Twiga upande mmoja na malipo ya kesi tatu upande wa pili, mizani bado inaegemea upande wa Taifa.

Basi ikiwa haki ipo na matunda yapo, kosa liko wapi?

KOSA LILIKUWA KATIKA NAMNA

Kosa halikuwa kuziondoa leseni. Lilikuwa katika namna zilivyoondolewa.

Mkataba wa mwaka 1994 haukuikataza Tanzania kutwaa mali kwa manufaa ya umma. Mikataba ya namna hiyo huweka masharti: pawe na manufaa ya umma, pasiwe na ubaguzi, na fidia ya kutosha ilipwe bila kuchelewa. Kanuni za Januari 2018 zilifuta leseni zilizo hai bila kuweka fidia. Neno moja lililokosekana katika karatasi ya Serikali lilitosha kuwapa mawakili wa Washington kazi ya miaka mitatu.

Njia nyingine zilikuwapo. Ingewezekana kuacha leseni zilizokwisha kutolewa zimalize muda wake. Leseni ya Ntaka ingekoma yenyewe mwezi Aprili 2020, miezi michache tu baada ya ile zabuni, na baada ya hapo sheria mpya ingelizuia ombi lolote la kuiongeza. Ingewezekana kumpa kila mwenye leseni muda wa kuamua: chimba, au rudisha. Ingewezekana kukaa mezani kabla ya kufuta badala ya baada ya kushitakiwa.

Kwamba njia ya mezani ilikuwa inawezekana, ushahidi uko Kabanga, wilayani Ngara. Huko nako palikuwa na nikeli, nyingi kuliko ya Ntaka, na leseni ya kuhodhi ilifutwa kwa kanuni hizo hizo. Lakini Januari 2021 Serikali ilitia sahihi makubaliano na mwekezaji mpya, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel, na Serikali ikapata asilimia zake 16. Mkoa mmoja ulipata kampuni, mwingine ulipata hati ya madai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama zao daftari lilikuwa la duka. Katika zama hizi daftari la Taifa ni sheria zake, kanuni zake, na mikataba iliyotia sahihi na mataifa mengine. Ofisa anayeandika kanuni ya madini bila kufungua mkataba wa mwaka 1994 uliomo kabatini ni sawa na mwenye duka anayegawa bidhaa bila kutazama anadaiwa nini. Hakuna uzalendo katika kusahau. Uzalendo wa kalamu ni kuandika jambo ambalo mwanasheria wa adui atalisoma mara mia asione tundu.

Serikali imekwisha kuchukua hatua. Mwaka 2018 iliundwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ili kesi za Taifa ziwe na mtetezi wa kudumu. Mkataba wa namna hiyo na Uholanzi ulisitishwa kuanzia mwaka 2019. Hatua hizo ni njema, lakini wakili huitwa ugomvi ukiwa umekwisha kuzaliwa. Tiba iliyo bora imo katika meza ya mtumishi wa kawaida anayepitisha rasimu, anayetunza jalada, anayeuliza swali kabla ya mkubwa wake kutia sahihi. Mtumishi huyo akinyamaza kwa hofu au kwa uvivu, Taifa hulipa. Mkubwa akimkemea kwa kuuliza, Taifa hulipa mara mbili.

MWANANCHI NAYE NI MWENYE HISA

Jambo kubwa zaidi ni hili. Neno “wenye hisa” limezoeleka kuwa la watu wa mbali. Lakini Serikali inapopata asilimia 16 ya mgodi, mwenye hisa ni nani? Ni mwalimu wa Mbamba Bay. Ni mganga wa zahanati ya Liparamba. Ni mvuvi wa Liuli na mkulima wa kahawa wa Mbinga.

Mkoa wa Ruvuma hauhitaji mfano wa kutoka mbali. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na kampuni ya Tancoal, ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ndani yake kwa asilimia 30, na asilimia 70 zikawa za kampuni ya Australia. Kwa hiyo kila Mtanzania alikuwa mwenye hisa wa Ngaka tangu siku ya kwanza. Lakini wangapi waliolijua jambo hilo? Wangapi waliopata kuuliza faida ya asilimia 30 ni shilingi ngapi, na ilikwenda wapi?

Mwenye hisa wa Perth ana mkutano wake wa mwaka. Hupelekewa hesabu, huuliza maswali, hupiga kura, na mkurugenzi aliyeshindwa kujibu huweza kuondolewa. Mtanzania naye ana mikutano yake: Bunge, Baraza la Madiwani, na mkutano mkuu wa kijiji. Ana mkaguzi wake, ambaye ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia kwa jambo hili. Mwongozo wa mwaka 1971 uliwataka viongozi wakubali kuulizwa na umma wanaouongoza. Mafundisho hayo hayajachakaa. Ikiwa kampuni ya kibepari inalazimishwa kumwarifu mwenye hisa mmoja mmoja juu ya fedha zake, haifai nchi iliyolelewa katika siasa ya Ujamaa na Kujitegemea iwe na siri zaidi kwa wananchi wake kuliko soko la hisa kwa wateja wake.

Kwa hiyo yafaa, mara tu Taifa linaposhitakiwa, linaposhindwa au linapopatana, wananchi waambiwe na viongozi wao wenyewe, kwa lugha yao, kiasi gani kimedaiwa, kimelipwa nini, na kosa lilitokea wapi. Habari hiyo isisubiri kuletwa na taarifa ya kampuni iliyoshinda. Kueleza kosa hakumdhalilishi kiongozi. Kinachomdhalilisha ni kosa hilo hilo kurudiwa.

KAZI ILIYO MBELE YA LIPARAMBA

Liparamba bado iko mwanzo wa njia. Barabara ya lami kutoka Mbinga imefika Mbamba Bay. Bandari ya ziwani inajengwa, na ushoroba wa Mtwara unaelekea kuliunganisha ziwa na bahari. Siku nikeli ya kutosha itakapopatikana, iwe Liparamba au mahali pengine pa ukanda huo, haitachelewa kusafirishwa. Litakalochelewa, ikiwa maandalizi hayakufanywa sasa, ni maarifa ya wananchi.

Yako mambo ambayo kila kijiji kingepaswa kuyajua kabla mtambo wa kwanza wa kuchoronga haujafika. Leseni ya madini si hati ya kumiliki shamba la mtu. Mwenye leseni hana budi apatane na mwenye ardhi ya juu na kulipa fidia ya haki. Ardhi ya kijiji ina ulinzi wake katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ina haki ya ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya kampuni. Na mpango wa kampuni wa kuisaidia jamii hauna budi kupelekwa kwa halmashauri, si kuandikwa mjini na kuletwa kijijini kama zawadi.

Hapo ndipo pana kazi ya mwalimu na ya mtumishi wa umma. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwafundisha wanafunzi wake asilimia kwa kutumia 16 ya Serikali na ushuru wa huduma wa halmashauri, badala ya maembe na machungwa ya kila siku. Mwalimu wa uraia anaweza kueleza kwamba mkataba ni ahadi ya Taifa, na kwamba ahadi hiyo humfunga hata asiyekuwapo ilipotolewa. Ofisa mtendaji wa kata anaweza kufungua jalada moja la kila leseni iliyotolewa katika eneo lake: jina la mwenye leseni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na hisa zimepita mikononi mwa nani. Jalada hilo halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji karatasi, kalamu na mtu mwenye nidhamu.

Wamatengo wa Mbinga wana elimu ya zamani ya kulima milima mikali isiyopaswa kulimika. Hulaza majani yaliyokatwa kwa safu zinazopishana, wakafukia kwa udongo, na katikati wakaacha mashimo yanayozuia maji ya mvua yasikimbie na rutuba. Kilimo hicho cha ngolo hakifanywi kwa pupa. Kila hatua ina wakati wake, na anayeanza kufukia kabla ya kulaza majani huona shamba lake likiteremka bondeni kwa mvua ya kwanza. Haki ya Taifa juu ya madini yake ni mlima wa namna hiyo. Kuulima inawezekana, na ni lazima ulimwe. Lakini sheria itangulie, mkataba usomwe, fidia ipangwe, wananchi waarifiwe, ndipo udongo ufukiwe.

Nachingwea imekwisha kulipa ada ya somo hili, na ada yenyewe haikuwa ndogo. Haitakuwa haki Liparamba ipelekwe darasa lile lile kwa ada mpya. Kila mtumishi wa umma ambaye karatasi ya leseni inapita mezani kwake, na kila mwalimu ambaye mtoto wa Liparamba yuko mbele yake, ajue kwamba hisa za Taifa ziko mikononi mwake, naye azilinde.